Usizungushie fyuzi ya plagi foili

Katika kazi yangu ya stima kwenye nyumba za kupanga huku Umoja na Kayole, Nairobi, plagi zinazonitia hofu zaidi ni zile ambazo fyuzi yake imezungushiwa foili ya pakiti ya sigara. Ya majuzi ilikuwa ya pasi. Plastiki ilikuwa imebabuka upande wa pini ya laivu, ile inayoleta umeme, na ganda la waya limelainika hadi ukilibonyeza alama ya kidole inabaki. Mwenye pasi akaniambia, "Lakini inafanya kazi, fundi." Ni kweli ilikuwa inafanya kazi, na hapo ndipo penye hatari.

Wengi huamini fyuzi hiyo inalinda kifaa. Kazi yake hasa ni kulinda waya unaotoka kwenye plagi. Soketi zetu za pini tatu bapa asili yake ni Uingereza, ambako kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947. Baada ya vita shaba ilikuwa adimu, wakaona heri waya mmoja uzunguke nyumba ukilisha soketi nyingi kuliko kila soketi kuvutiwa wake. Breka ya mzunguko kama huo, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, huwa ya ampea 30 au 32. Sasa chukua waya mwembamba wa taa ya mezani. Hitilafu ikipitisha humo ampea 20, waya utachemka mpaka ganda liyeyuke, na breka haitashtuka, maana kwake huo ni mzigo wa kawaida. Fyuzi ya plagi ndiyo inayokatika mapema. Ukiifunga foili, hakuna kitakachokatika, na mara nyingi waya huo umepita chini ya zulia au nyuma ya kitanda.

Kuchagua fyuzi si kazi ngumu. Stima yetu ni volti 240: soma wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa 240. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8 na kitu, kwa hiyo weka ya 13, ile ya kahawia. Taa, redio na vifaa vingine vya chini ya wati 700 kwa kawaida hutosheka na ya 3, nyekundu, isipokuwa maelezo ya kifaa yakitaka nyingine. Dukani ukiomba fyuzi tu utapewa ya 13, kwa hiyo taja ampea, na uangalie kama imeandikwa BS 1362, kiwango cha fyuzi hizi.

Tafadhali usidhani fyuzi itakuokoa usipigwe na stima. Mwili huumizwa na umeme mdogo sana kuliko ule wa kuikata. Waya wa ethi, wa kijani na njano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, usiachwe ukining'inia.

Na fyuzi mpya ya kiwango sahihi ikikatika tena, usiweke nyingine. Chomoa kifaa, kagua waya pale unapoingilia kwenye plagi na kwenye kifaa, maana ndipo unapokunjwa kila siku. Usipoona kitu, mpelekee fundi kabla hujakiwasha tena.