Mimi tamthilia nazisikiliza: jibu la fundi cherehani

Mleta uzi umeuliza mambo mawili: tamthilia gani za sasa zinafaa kukaliwa chini, na kwa nini za kwetu zinatuchosha mapema wakati za Waturuki tunazimaliza misimu yote. Nimesoma majibu yote ya juu, karibu kila mtu anasema bajeti. Kamera, majumba, magari, mavazi. Naomba nitofautiane na wakuu, ila kwanza niwaambie ninavyoangalia, maana ndiko kutofautiana kwetu kunakoanzia.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Runinga yangu iko juu ya kabati, nyuma ya bega la kushoto, kwa sababu ndiko soketi iliko. Wateja kwenye benchi wanaiona vizuri. Mimi nikitaka kuona lazima nigeuze shingo, na ukigeuza shingo huku mguu uko kwenye pedeli, sindano inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo tangu nifungue hiki kibanda, tamthilia nazisikiliza. Sura nazijua kwa kuchungulia. Sauti ndizo ninazozijua sawasawa. Kipimo changu ni mguu. Cherehani ikinguruma humsikii mtu, basi mazungumzo yakiwa na uzito mguu unasimama bila kuuamrisha. Kuna tamthilia inanisimamisha mara nane kwa kipindi kimoja. Kuna nyingine namaliza dera zima, na mifuko yake, sijasimama hata mara moja, na bado hadithi sijapotea. Hiyo ya pili ndiyo mnayosema inachosha.

Nianze na Sultan, ile ya Kituruki iliyoonyeshwa Azam ikiwa na sauti za Kiswahili, kwa sababu wengi mmeitaja kama ushahidi wa bajeti. Ni kweli kulikuwa na fedha. Kwao Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139, na kila sehemu kwao ni ndefu kuliko kipande tulichokuwa tukipewa sisi. Kasri, vito, mavazi ambayo mimi kama fundi nilikuwa nageuza shingo makusudi kuyaona. Lakini mnakumbuka usiku wa kifo cha Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Sultani? Sultani aliwahi kuapa kwamba maadamu yu hai, Ibrahim hatauawa. Kiapo hakivunjiki. Ikatafutwa njia ya kukizunguka: aliyelala ni nusu mfu, basi Ibrahim auawe Sultani akiwa usingizini. Sasa usingizi wenyewe hauji. Mtu yuko kitandani anahangaika kulala ili rafiki yake wa ujanani afe, na wauaji wanasubiri.

Hapo bajeti iko wapi? Kitanda na mishumaa. Kilichotuua benchi zima ni neno moja lililotamkwa zamani likarudi kudai. Mguu wangu ulisimama hivyo hivyo, na niliporudi kwenye kazi nikapachika mkono wa kushoto upande wa kulia kwenye gauni la sare ya harusi. Nilikuja kulifumua asubuhi, mwenye gauni hajui mpaka leo.

Bibi mmoja jirani yetu alikuwa hakosi kipindi hata kimoja, na hakuwahi kusema "Mama Sultani". Alimwita mavyaa. "Leo mavyaa kasemaje?" Na aliwaelewa kuliko sisi vijana, kwa sababu yale ya Hurrem, mke wa Sultani, na mama wa mume wake alikwisha yaona kwenye nyumba za uani. Bibi huyu hasomi. Miaka yote zilipokuwa zinakuja tamthilia za nje zenye maandishi chini ya kioo, yeye alikuwa anaangalia nguo tu na kuuliza, "Huyu analia nini?" Ilipoingizwa sauti ya Kiswahili akawa ndiye anayetuhadithia sisi tuliokosa. Wenzangu waligombana sana pale Hurrem alipobadilishwa, Meryem Uzerli akaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Vahide Perçin. Benchi liligawanyika kama Simba na Yanga. Mimi sikuwa na upande, nilikuwa nagombana na kola.

Msidhani hili la masikio limeanza na king'amuzi. Marehemu mama alikuwa na redio ya mbao, na mwaka 1993 Redio Tanzania (RTD) walipoanzisha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, saa ya kipindi ikifika hakuna aliyeruhusiwa kukoroga uji kwa kelele. Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu, mtaa mzima uliwajua bila kuwahi kuwaona. Na waliokwenda vibanda umiza, vile vya kuonyesha video, wanamkumbuka Lufufu, anavyokutafsiria filamu ya nje na kuichombeza kwa vijembe vyake mpaka adui wa filamu unamwona kama mtu wa Manzese. Halafu mwaka 2011 TBC wakaleta ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Binti wa Beijing ameolewa, na kwa kuwa wazazi wa mume waliachana na baba akaoa tena, ana mama wakwe wawili. Hakuna panga, hakuna kasri. Watu wanagombania chakula na nani alale wapi. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Ingekuwa na maandishi chini ya kioo, nani angeijua?

Kwa hiyo tuna masikio yaliyofunzwa miaka mingi. Sasa sikilizeni tunacholetewa.

Simu! Sijui nani aliwaambia waandishi wetu kwamba siri zote za dunia husemwa kwenye simu. Mtu anapiga, anasema "haloo", ananyamaza, halafu anarudia alichoambiwa ili sisi tusikie: "Unasema ametoka hospitali? Unasema amekumbuka kila kitu?" Ni nani anaongea hivyo na simu? Na wakikutana ana kwa ana wanaambiana wanayoyajua wote wawili. "Wewe ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, leo unanifanyia hivi?" Ndugu zangu, mdogo wako anajua kwamba ni mdogo wako. Juu yake kinawekwa kinanda, kinalia kuanzia mwanzo wa ugomvi hadi mwisho, kwa sauti kubwa kuliko wagombanaji. Halafu kofi. Halafu picha inaganda kwenye nyuso tatu, moja baada ya nyingine. Ikifika hapo mimi nakuwa nimeshamaliza pindo.

Niwape mfano wa ugomvi wa kweli, uliotokea hapa kibandani, umbali wa futi moja kutoka kwenye meza yangu ya kukatia. Mawifi wawili walikuja kupimwa nguo za harusi. Mdogo akaamkia, "Shikamoo wifi." Mkubwa kimya. Akaamkia tena, kwa sauti tamu zaidi. "Marahaba." Nikaanza kumpima yule mdogo kiuno. Mkubwa, macho yako kwenye runinga, akasema, "Fundi, mwachie nafasi hapo, siku hizi raha zimemzidi." Mdogo akacheka kidogo, akainua mikono nipitishe futi vizuri, akajibu, "Raha za kaka yenu hizo, wifi. Mngemlea vibaya ningezipata wapi?" Basi. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyelia. Benchi zima liliacha kuangalia runinga. Yule mkubwa aliporudi kuchukua nguo yake alikuja amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na mwenzake akaisoma herufi kwa herufi akiwa amesimama mlangoni.

Hao wawili ukiwapeleka kwenye tamthilia zetu nyingi, mmoja angemwagia mwenzake maji usoni kabla hatujajua wanagombania nini. Waigizaji wanaweza, nina hakika. Hawajaandikiwa. Kiswahili kina vijembe, mafumbo, kunyamaza kwenye maana, kuamkia kwenye matusi ndani yake, na yote hayo hayahitaji kukodi gari la kifahari. Tunayaacha mlangoni tunaingia na kelele.

Si zote. Juakali ya mtayarishaji Lamata, inayoonyeshwa Maisha Magic Bongo tangu 2021, naifuata mpaka leo na inanisimamisha mguu. Lamata ana sikio. Wahusika wake hawaongei wote kwa mdomo mmoja. Ukifumba macho unajua huyu amekulia wapi na yule anajidai amekulia wapi. Ila nayo ina wiki zake, hadithi inazunguka palepale kama uzi ulionasa kwenye bobini, na unaona kabisa wanajaza siku. Hilo nawasamehe nusu. Tamthilia ya siku kadhaa kila wiki ni kama kushona sare za shule mwezi Januari, lazima kuna kola zitakazopinda. Huba, tamthilia nyingine ya hapa nyumbani, nayo nilikuwa naipenda zaidi mwanzoni kuliko ilivyokuja kuwa. Wenye mapenzi nayo msinipige.

Za Kenya nazipata kwa mpwa wangu, anaziangalia kwenye simu na kuniwekea spika. Maria ya Citizen, ile ya 2019 hadi 2021, nusu ya Sheng yake ilinipita. Mpwa alikuwa ananitafsiria hadi akachoka. Lakini mguu ulisimama, kwa sababu ndani ya lile jumba la kitajiri la familia ya Hausa hakuna mwingine aliyeongea kama Maria. Yasmin Said akifungua mdomo tu umeshajua binti wa mtaani ameingia kwenye sebule isiyo yake, huhitaji kuona viatu. Kampuni hiyohiyo iliyoitengeneza, ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, wale wasomaji wa habari, ikaleta Sultana mwaka 2022, ya binti asiyeona. Mnaweza kukisia kwa nini niliipenda. Mhusika mkuu anaijua dunia kwa masikio kama mimi! Na humo unasikia Kiswahili cha Pwani kisichojifanya. Shangazi yangu wa Likoni alikuja kututembelea mwaka huo, tukaisikiliza pamoja, akawa anawajibu wahusika kabla hawajajibiana wenyewe, na mara nyingi anapatia maneno yaleyale. Mwandishi akifika mahali shangazi wa Likoni anammalizia sentensi, huyo amefanya kazi yake.

Na Waturuki msiwafanye malaika. Ertugrul nimeisikiliza, mpwa ndiye aliyenilazimisha. Nusu yake ni panga kwa panga na farasi wanakimbia, na mimi vita vya panga ndio muda wangu wa kushona mistari mirefu ya mashuka. Kule kwenye hema la mama yake, Hayme, wanaposemezana kabla ya vita, hapo sawa. Zile za mapenzi za kisasa, tajiri wa Istanbul na binti maskini, nyingi ni zilezile, wamebadilisha majina tu. Tunazimaliza kwa sababu tumeshazianza.

Uingizaji sauti wenyewe nao una kasoro. Midomo kutolingana na maneno hainihusu, siioni. Kinachonikera ni sauti moja kupewa watu watatu, hata nadhani marehemu amefufuka. Na tafsiri za kamusi. Kwenye tamthilia moja ya nje, sitaitaja, mtu amefiwa na baba, rafiki anaingia anamwambia, "Samahani kwa hasara yako." Hasara! Benchi lilidhani kuna biashara imeanguka. Mwaka mzima baadaye kila mteja akichelewa kulipa tulikuwa tunaambiana samahani kwa hasara yako. Aliyetafsiri angetoka nje ya studio hatua kumi tu, akamuuliza muuza mihogo tunasemaje msibani, angeambiwa pole na msiba.

Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu: kama una muda wa tamthilia moja tu ya hapa nyumbani, kaa na Juakali, na siku ikianza kuzunguka inuka ukafue, utaikuta palepale. Kama hukuiona Sultana, itafute, anza mwanzo. Kama bado hujamaliza Sultan, usikubali mtu akusimulie yatakayompata Shehzade Mustafa, mtoto wa Sultani. Na ukipewa tamthilia mpya ukawa huna hakika, ipe mgongo dakika kumi. Osha vyombo, chambua mchele, fanya lolote lenye kelele kidogo. Mkono ukisimama, geuka uangalie.

Halafu nina ombi langu binafsi, maana humu ndani kuna watu wanajuana na watu. Yule aliyemtia sauti ya Kiswahili Sumbul Agha, towashi wa kasri, kwenye Sultan, ile sauti ya kunong'ona na kulalamika na kujipendekeza kwa pamoja, ni nani? Kuna siku alisema neno moja tu, "Sultani…", akalivuta, na nikajua kasri zima limeharibika kabla sijageuza shingo. Anayemfahamu amwambie apite Ngamiani. Namshonea kanzu, kitambaa juu yangu.