LUKU hailipi kiwanja

Juzi usiku nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, uliingia ujumbe wa msomaji mmoja aliyejenga Nzuguni, hapa hapa Dodoma. Aliandika: "Shikamoo dada. Nyumba yangu inakatwa kodi kwenye umeme wa LUKU kila mwezi, sijawahi kuruka hata mmoja. Leo nimeletewa karatasi kwamba nadaiwa kodi ya ardhi ya miaka minne. Hivi wanataka tulipe mara ngapi?"

Niliweka kalamu chini. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2024, tena kwa sauti ya juu, mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yangu, nikiwa na mkoba umejaa risiti za umeme. Nilimjibu kwa kifupi kwamba nitamwandikia vizuri. Nikaona niwaandikie wote, kwa sababu najua wengi wenu mmejenga au mnajenga, na hakuna mtu anayejinyima nyama na nguo mpya miaka kumi ili apate paa lake halafu akubali kulipoteza kwa jambo la kutoelewa karatasi.

Kiwanja changu cha Nkuhungu nilikipata mwaka 2011, enzi za CDA. Mnaoifahamu Dodoma ya wakati ule mtakumbuka: kila kitu cha ardhi kilikuwa CDA. Ile ndiyo mamlaka iliyoundwa mwaka 1973 kuujenga mji uwe makao makuu, na sisi wenye viwanja tulikuwa na mikataba ya miaka 33. Kila mwaka nilikwenda kulipia, napewa risiti, naiweka kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Nilianza na chumba na sebule, nikaishi bila dari miaka mitatu, vumbi la Agosti likiingia mpaka kwenye sufuria. Nyumba ile sikupewa na mtu, wala sikurithi.

Mei 2017 CDA ikavunjwa na Rais Magufuli, kazi zake zikahamia kwa halmashauri, tukatangaziwa kwamba hati mpya zitakuwa za miaka 99. Mtaani tulishangilia. Mimi pia nilishangilia. Kisha nikarudi nyumbani nikaendelea na maisha yangu, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Sikuuliza ile kodi niliyokuwa nalipia CDA sasa inalipwa wapi, na mkataba wangu wa zamani sikuupeleka ukabadilishwe. Nilisema nitakwenda wiki ijayo.

Mwaka uliofuata nikapanga foleni TRA, kwa watu wa mapato, kulipia jengo, shilingi 10,000. Nikajiambia kodi ya nyumba nimelipa, basi yameisha. Agosti 2021 kodi ile ikahamishiwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nilifurahi kuliko wote. Sina foleni tena, nanunua umeme, kodi inajikata yenyewe. Mwaka 2022 redioni wakatangaza msamaha wa riba kwa wanaodaiwa kodi ya pango la ardhi. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia kwa masikio yangu haya, nikasema hao ni wengine, mimi nakatwa kila mwezi.

Hilo tangazo linaniuma mpaka leo kuliko deni lenyewe.

Mwaka 2024 nilitaka mkopo nijenge fremu mbili za biashara mbele ya nyumba, maana barabara yetu ilikuwa imechangamka. Afisa mikopo akaomba hati. Nikampa mkataba wa CDA. Akautazama, akaugeuza, akasema, "Mama, hii kabadilishe kwanza, halafu utuletee na risiti za pango." Nikaenda nilikoelekezwa. Kijana wa dirishani akaingiza namba ya kiwanja kwenye kompyuta, akaniambia sijalipia tangu Julai 2017. Miaka saba. Kiwanja changu ni 24,000 kwa mwaka, kwa hiyo 168,000, na riba imejipandisha pole pole juu yake mpaka jumla ikawa shilingi 248,640.

Ndipo nikatoa risiti za LUKU. Nilizitandaza pale dirishani moja moja. Kijana akacheka, na mama mmoja nyuma yangu naye akacheka, halafu mtu akasema, "Na mwalimu naye!" Sijui alinijuaje. Kesho yake habari ilikuwa imefika hadi chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja aliisimulia mbele yangu kama hadithi ya mtu mwingine, akinitazama. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza. Kama unasoma hapa, nimekusamehe, lakini sijasahau.

Msomaji wangu wa Nzuguni, jibu lako ni hili: hulipi kitu kimoja mara mbili. Unachokatwa kwenye LUKU ni kodi ya jengo, yaani kuta na paa. Karatasi uliyoletewa ni ya kodi ya pango la ardhi, yaani kile kiwanja kilicho chini ya kuta. Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, sisi tunamilikishwa kwa muda, na kwa huo umiliki tunalipa pango kila mwaka. Hata kiwanja kikiwa kitupu kina majani tu, pango linadaiwa. Na hata ukate umeme wote uwashe kibatari, pango linadaiwa. Kiasi chake kinategemea ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake, ndiyo maana la jirani yako haliwezi kuwa sawa na lako. Ukilimbikiza kwa kudharau, unaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba, na milki yenyewe inaweza kubatilishwa.

Kuna na ya tatu ambayo watu wanaichanganya humo humo, kwa sababu nayo ina neno pango: kodi ya zuio, asilimia 10 ya kodi ya fremu. Hiyo mpangaji mfanyabiashara anaikata kwenye fedha anayokulipa na kuipeleka TRA. Ni kodi ya mapato yako, haihusiani na kiwanja wala ukuta. Neno ni moja, kodi ni tatu, na hakuna anayekukalisha chini akueleze. Hapa naongea kwa uchungu. Mtu aliyemaliza darasa la saba, aliyejenga kwa kuuza karanga Sabasaba, atajuaje? Mimi mwenye shahada nilishindwa. Tangazo likisema tu "lipa kodi ya pango" bila kusema ni pango lipi, halijamsaidia mtu.

Sitawachosha na safari za ofisini. Nilivunja kikoba changu, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa mafungu mawili kwa simu, nikapeleka mkataba wa zamani kubadilisha. Fremu sikujenga mwaka ule, bei ya nondo ikanipita. Lakini hati yangu ya miaka 99 ninayo. Siku nilipoipokea nilipanda bajaji kutoka mjini nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikampitia mama yangu Miyuji nikamwekea mapajani. Hasomi. Aliipapasa kwa kiganja kwa muda mrefu, akauliza kama jina la baba lipo. Nikamwambia lipo, jina langu la mwisho ni la baba.

Na kwa mama ndipo nilipokutana na jambo la pili.

Mama anaishi peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ana miaka 74, hana mpangaji, hana biashara. Umeme wake ni wa taa mbili na redio, yumo kwenye ile bei ya watumiaji wadogo ya shilingi 100 kwa uniti, ambayo ukijumlisha na kodi zake inafika kama 122. Mama ananunua umeme wa buku mbili, yaani shilingi 2,000, akitaka ukae. Siku ile alikuwa analalamika kwamba muuzaji wa vocha amemwibia: ametoa buku mbili, uniti zilizoingia ni nne. Alikuwa ameshagombana na yule kijana, majirani wamejaa. Nikaitazama meseji ya tokeni. Kijana hakuiba. Shilingi 1,500 ilikuwa imekatwa kodi ya jengo, zikabaki 500 za umeme. Kumbuka Julai 2023 ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa 90,000 kwa kila sakafu. Kwa mtu mwenye friji na pasi, 1,500 haionekani. Kwa mama yangu ni uniti 12, karibu nusu mwezi wa taa. Na asiponunua mwezi mmoja, deni linamsubiri mwezi unaofuata, anakatwa la miezi miwili.

Nikamwomba kijana msamaha kwa niaba ya mama. Halafu nikauliza, maana safari hii nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Kumbe mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anastahili msamaha wa kodi ya jengo kwa nyumba hiyo moja. Nyumba za tembe, za udongo na za nyasi nazo hazihusiki. Mama alicheka aliposikia hilo la tembe, akasema basi angebaki na tembe la babu. Lakini msamaha wa mzee haumfuati mwenyewe nyumbani. Lazima uombwe. Nilianza na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kwamba anaishi pale na hana kipato, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya mita, nikazipeleka na kugongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ilichukua muda na nilirudi mara tatu. Mwezi uliopita mama amenunua umeme wa buku mbili, zikaingia uniti 16. Alinipigia simu asubuhi na mapema kunisomea namba moja moja.

Jiulizeni ni wazee wangapi hapa Dodoma wanakatwa mpaka leo wakati watoto wao wana simu kubwa na wanajua kusoma. Wewe unayesoma hapa, mama yako ana miaka mingapi? Umewahi kuitazama meseji yake ya tokeni?

Jambo la mita mbili nitalisema haraka. Nyumba yangu ni moja, paa moja, lakini niliweka mita ya pili upande wa wapangaji ili tusigombane. Kila mita ikawa inakata. Mpangaji wangu, binti anayesoma chuo, akadhani ni mimi namtoza kinyemela, akahama bila kuaga. Aliniacha na aibu ambayo sikuistahili. Nyumba ya kawaida inakatwa mara moja, kwa hiyo kama una mita zaidi ya moja chini ya paa moja, peleka namba zote uombe ibaki moja. Na kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa, mpunguzie kwenye kodi ya chumba, umwandikie. Usimwache msichana wa watu akulipie ukuta wako.

Najua kuna watakaosema tulipe nini wakati mtaro wa mtaa wetu Januari unageuka mto. Hasira hiyo ninayo pia. Mwaka huu maji yalipita mlangoni kwangu yakabeba ndoo. Lakini mwenye haki ya kusimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza mtaro uko wapi ni yule mwenye risiti mkononi. Mimi nilisimama. Nilishika bahasha yangu juu, nikauliza, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo, dada yangu wa Nzuguni, tunza risiti. Za LUKU zipige picha kabla hazijafutika kwenye simu, za kiwanja zichapishe. Uliza kila kodi ni ya kitu gani kabla ya kulipa na baada ya kulipa, na usione haya kuuliza dirishani hata wakicheka. Jumatatu asubuhi nenda kwenye ofisi iliyokuletea ile karatasi ukiwa na namba ya kiwanja chako, omba wakuoneshe mchanganuo wa mwaka kwa mwaka, deni kando na riba kando, maana karatasi ya jumla haikuambii kitu. Ukiona mwaka uliokwisha kuulipia umo ndani, toa risiti yako uombe urekebishwe. Kama huwezi kulipa lote, uliza kuhusu mafungu, mimi nilikubaliwa mawili. Na kama umenunua kiwanja kwa mtu, angalia kwanza jina lililomo kwenye kompyuta ni lako au bado ni la aliyekuuzia, kwa sababu katika deni la miaka minne huenda miwili si yako.

Ukitoka huko niandikie walichokwambia. Simu yangu naiacha wazi Jumatatu nzima, nina vipindi viwili tu.