Kabla hujapablish pakeji, fungua uone umebeba nini

Nyie mnaoanza kupablish pakeji zenu, kuna kitu huwa hamuambiwi mapema: kinachomfikia mtumiaji sio ripo yako ya Git, ni lile faili lililofungwa kwa ajili ya kupakiwa, na humo ndani mara nyingi kuna takataka hata hujui kama zipo. .DS_Store ya Mac, Thumbs.db ya Windows, vifaili vya .orig vilivyobaki baada ya kumeji, __pycache__, na baba lao, .env yenye pasiwedi ya databesi.

Hapo kwenye .env nikae kidogo. npm (zana ya kupablishia pakeji za JavaScript) ikikosa .npmignore, yaani orodha ya vitu visivyoingia kwenye pakeji, inatumia .gitignore yako, kwa hiyo .env uliyoizuia kule inaachwa, poa. Sasa siku mtu anaongeza .npmignore ya mstari mmoja ili azuie tu folda ya majaribio, .gitignore haisomwi tena na .env inaondoka na pakeji kimyakimya, hakuna onyo wala nini. Ndo maana mimi sina imani na kuorodhesha vya kuzuia, utakumbuka vingapi? Orodhesha vya kuruhusu, weka "files" kwenye package.json, taja dist (folda ya kodi iliyokwisha bildiwa) na vingine viwili vitatu basi. Halafu piga npm pack --dry-run usome orodha yote, sio kupitisha macho. Watu wa Rust mnayo cargo package --list, na cargo yenyewe inagoma kupablish kama kuna mabadiliko hujakomit, ila wengi wanakimbilia --allow-dirty ya kuruka ukaguzi huo, jamani hiyo sio ya kila siku.

Python ina ugonjwa wake. Folda ya tests ikiwa na __init__.py, find_packages ya setuptools (zana ya kufungia pakeji za Python) inaibeba kama pakeji kamili, ikifika kwa mtu inakaa site-packages, folda moja ya pakeji zote, kwa jina hilo hilo la tests, na mwingine naye akifanya hivyo mnaandikiana juu. Gentoo, distro ya Linux, hawana mswalie, bildi inakufa hapo hapo.

Kwenye distro zenyewe ndo utakutana na masharti hasa. Debian hawataki pakeji iweke faili lolote ndani ya /usr/local, hiyo ni sehemu ya mwenye mashine. RPM, mfumo wa pakeji wa Fedora na wenzake, ikikuta faili limeinstoliwa ila halipo kwenye %files (orodha ya mafaili ya pakeji) inakutupia "Installed (but unpackaged) file(s) found" na bildi inafeli, na mgeni akichoka anaweka nyota (*) kwenye %files ili imeze kila kitu, kelele zinaisha kweli, ila toleo lijalo likija na programu ya majaribio nayo inapita bila mtu kujua. Ule usumbufu ndio kazi yake, uache. (CRAN, hifadhi ya pakeji za R, nao wana macho na mafaili yaliyofichwa, .Rbuildignore itakusaidia.)

Ukali wote huu ni kwa sababu kurudisha nyuma ni kazi. Baada ya sakata la left-pad Machi 2016, pakeji ndogo iliyofutwa na miradi mingi ikakwama, npm walibana ufutaji, pakeji mpya una masaa 72 tu na iwe hakuna pakeji nyingine inayoitegemea, ikipita hapo kuna masharti mengine, na namba ya toleo ulilofuta huitumii tena. PyPI, hifadhi ya pakeji za Python, jina la faili lililofutwa halirudi, na cargo yank haifuti chochote, inazuia tu miradi mipya isilichukue toleo hilo. Kwa hiyo tokeni (ufunguo wa siri) ikivuja ndani ya pakeji usianze kuhangaika na kufuta, ibatilishe kwanza dakika hiyo hiyo, kufuta baadaye.