Rangi za chatu regius: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yanamhusu chatu regius, yule mfupi wa Afrika Magharibi anayejiviringisha kama mpira akiogopa. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamemzalisha kwa rangi za kila namna.

Nimepandisha dume albino kwa jike wa kawaida. Watoto wote wametoka wa kawaida. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa. Ualbino ni sifa fifi: hauonekani mpaka nyoka awe na nakala mbili za jeni, moja ya baba na moja ya mama. Watoto wako wote wanayo moja. Ukiwauza, mwambie mnunuzi kwamba ni wabebaji.

Wazazi wote ni wabebaji, mayai sita, albino hata mmoja hakuna. Robo yangu iko wapi?

Jamani, hili tumeshalijibu mara ngapi? Wabebaji wawili wakizaa, robo ya kutoka albino ni bahati ya kila yai peke yake. Kwa mayai sita, kukosa kabisa hutokea karibu mara 18 katika 100.

Muuzaji anadai nyoka wake ni "mbebaji wa asilimia 66". Ninunue?

Nyoka ama anayo jeni ama hana. Wabebaji wawili wakizaa, theluthi mbili ya watoto wasio albino ni wabebaji, ila kwa macho huwezi kuwatambua. Usilipe bei ya mbebaji wa uhakika. Siku hizi zipo maabara zinazopima jeni kwenye gamba alilojivua. Apime kwanza, ndipo mzungumze bei.

Chatu wangu wa rangi iitwayo spaida anayumbisha kichwa. Nibadilishe chakula?

Chakula hakihusiki. Ni jeni ileile iliyompa michirizi unayoipenda. Mtazame akila: anamrukia panya, anamkosa, shingo inajipinda hadi kidevu kinatazama juu. Mwaka 2022 watafiti walichapisha picha za eksirei za masikio ya ndani ya spaida na kukuta yameumbika vibaya, na hapo ndipo mwili unapopata mizani yake. Wengine huyumba kidogo, wengine sana, na mzazi anayeyumba kidogo anaweza kuzaa anayeyumba vibaya. Nakala moja tu inatosha kuleta yote hayo; mwenye mbili hajulikani kuwahi kuishi. Mtunze huyo uliye naye, mahali patulivu, bila matawi marefu ya kupanda. Usimzalishe. Na ninyi mnaouza spaida bila kumweleza mnunuzi habari hii, mnafanya dhuluma kwa mnunuzi na kwa mnyama.

Nikimpa panya weupe atang'aa zaidi?

Hapana.

Dume wangu wa rangi iitwayo banana anazaa banana madume karibu watupu. Ana kasoro?

Hana. Jeni ya banana imekaa kwenye kromosomu za jinsia. Dume aliyeirithi kwa baba huipitisha zaidi kwa wanawe wa kiume. Aliyeirithi kwa mama, zaidi kwa majike. Wachache huvuka upande wa pili. Ukitaka banana majike, kabla hujanunua dume mwingine uliza jeni yake ilitoka kwa mzazi yupi.