Saini ya Marehemu: Nilivyojifunza Kununua Picha za Mikia Myekundu

Picha yangu ya kwanza ya ndege ya kivita, nakala iliyochapwa ya mchoro wa msanii, niliinunua mtandaoni kwa dola 160, na ilikuwa na saini ya mtu aliyefariki kabla picha yenyewe haijachapwa. Sikuligundua hilo mwenyewe. Aliligundua mzee mmoja mkusanyaji hapa Dayton, Ohio, ninakoishi, siku nilipompelekea kwa mbwembwe zote ili anisifie. Hakunisifia. Aliinama, akasoma maandishi madogo kabisa ya ukingoni kwa chini, kisha akaniuliza, "Kwani huyu jenerali alifariki lini?"

Jenerali mwenyewe ni Benjamin O. Davis Jr. Ndiye aliyeongoza kundi la 332 la ndege za kivita katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wale marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, kisha wakapigana wakitokea Ramitelli, Italia, kwa ndege za P-51 Mustang zilizopakwa rangi nyekundu mkiani, ndiyo maana wakaitwa Mikia Myekundu. Alifariki Julai 4, 2002. Ukingoni mwa picha yangu paliandikwa 2005. Nilikuwa nimepigwa, tena mchana kweupe, kwa jambo ambalo ningelijua kwa dakika mbili za kutafuta kwenye simu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuanza, kabla hujatoa hela tafuta mwaka wa haki za mchoraji, yaani mwaka picha ilipotolewa. Mara nyingi umechapwa pembeni mwa karatasi, herufi kama punje za mtama. Uweke kando ya tarehe ya kifo cha kila aliyetia saini. Lee Archer, rubani wa kundi hilo aliyeangusha ndege tatu siku moja, Oktoba 12, 1944, alifariki 2010. Marubani wenzake Roscoe Brown alifariki 2016, Charles McGee 2022, na Harry Stewart Februari 2025. Picha ya zamani yaweza kutiwa saini miaka mingi baadaye, hiyo haina neno. Kinyume chake hakiwezekani.

Muuzaji mjanja atakujibu kwamba saini ilikusanywa zamani. Na kweli hilo lipo: saini imeandikwa kwenye kadi, kadi ikatiwa ndani ya fremu chini ya picha. Kadi hiyo inaweza kuwa halali kabisa. Ila ujue unanunua vitu viwili vilivyokutanishwa na fundi wa fremu, na rubani huenda hakuiona picha hiyo maishani mwake. Mimi siitaki bei yake iwe sawa na ya karatasi ambayo mkono wa mtu uliigusa. Wengine hawajali, shauri yao.

Sasa saini yenyewe. Nunua kioo cha kukuzia, hata cha dola 10, na uende nacho. Saini nyingi za picha hizi ni za penseli, kwenye ukingo mweupe. Iinamishe karatasi kwenye mwanga wa taa unaotoka ubavuni: penseli ya kweli inang'aa kidogo kama madini ya risasi, na pale mkono ulipokandamiza utaona kijimfereji. Saini iliyochapwa na mashine haina mng'ao wala mfereji. Ukiisogezea kioo mara nyingi utaona imetengenezwa kwa vidoti vidogo vidogo, sawa na picha yote iliyobaki. Nimewahi kusimama kwenye meza ya maonyesho nikiona vidoti hivyo, huku muuzaji akiniapia mbele yangu kwamba ilisainiwa akishuhudia. Nilimrudishia picha yake kwa adabu, nikaenda kunywa kahawa.

Kuhusu namba, ile 312/500 unayoiona chini, yaani nakala ya 312 kati ya 500, usiumie kichwa. Chapa za siku hizi hazichakai kama zile za kuchonga kwenye mbao, nakala ya 5 na ya 480 zimetoka sawa. Anayekutoza zaidi kwa sababu namba ni ndogo anakuuzia namba.

Cheti cha uhalisi nacho ni karatasi tu. Kisome lakini. Vingine vinarudia ule usemi wa kale kwamba Mikia Myekundu hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Wanahistoria walipopekua kumbukumbu za vita walikuta zilipotea ndege 27. Vikundi vingine vya kusindikiza vya jeshi la anga walilokuwamo vilipoteza wastani wa 46, kwa hiyo sifa yao haijapungua hata chembe, na mimi nawaheshimu zaidi kwa hesabu ya kweli. Cheti chenye usemi huo hakithibitishi kuwa picha ni ya uongo. Kinakuonyesha tu kwamba aliyekiandika hakuhangaika kusoma, na hapo nawe ongeza umakini.

Ukishanunua, adui ni dirisha. Picha yangu moja ya Machi 24, 1945, siku walipofika Berlin na kuangusha ndege tatu za jeti za Kijerumani, niliitundika sebuleni mkabala na jua la jioni. Wino wa manjano na wa waridi ndio hutangulia kufa, bluu hubaki. Baada ya miaka minne hivi mbingu ilikuwa vilevile, lakini mikia imepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Siku hizi naweka kioo kinachozuia miale ya jua, na kadi isiyo na asidi kati ya kioo na karatasi ili visigusane. Nyingine nilimpelekea kaka Tanga bila hiyo kadi. Unyevu wa pwani ukaigandisha kwenye kioo, na madoa ya kahawia yakaanzia kona ya chini. Kama unaishi Mombasa, Zanzibar au Muscat, usifanye mzaha na jambo hili.

Picha ninayoipenda kuliko zote ilinigharimu dola 45. Watu wa Tuskegee hawakuwa marubani tu. Walikuwa maelfu, wakiwemo mafundi, wauguzi na wapishi, na wengi waliishi miaka mingi wakialikwa kwenye maonyesho kutia saini kando ya marubani. Muuzaji aliiweka chini ya meza, akaniambia hiyo haina mtu maarufu. Saini ni moja, imetetemeka, herufi ya mwisho imeteleza ikashuka. Chini yake mwenyewe ameandika kazi yake: fundi mkuu wa ndege. Mustang iliyochorwa haijaruka. Iko chini, boneti ya injini imefunguliwa, na mtu ameinama ndani, unamwona mgongo tu.

Nimeitundika kwenye ujia wa kuelekea vyumbani, pasipo dirisha.