Muulize Fundi wa Mafumbo: Mbona kobe hakukubaliwa?

Jedwali la mafumbo ya maneno katika toleo lililopita lilikuwa dogo, visanduku tisa kwa tisa, nikadhani nimewaonea huruma. Barua zilizonifika hapa Wete zinasema vyengine.

"Ndani ya haraka sana yumo mwenye gamba (4)." Nimejaza KOBE. Ana gamba, ana herufi nne, na K ya mwanzo ilikuwa imeshakaa. Nyinyi mmeandika KASA. Kwa nini? — Msomaji, Kikwajuni

Kobe ana gamba, hapo sibishani nawe. Lakini fumbo la aina hii ni kama ndoa, halisihi kwa shahidi mmoja. Shahidi wa kwanza ni maana, naye hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi, katikati hakai. Hapa ni "mwenye gamba". Wa pili ni mchezo wa herufi, na huyo ndiye uliyemwacha nje ya mlango.

Chukua kalamu uandike HARAKA SANA, kisha uzibe nafasi iliyo baina ya maneno: HARAKASANA. Weka kidole juu ya HARA, na kidole chengine juu ya NA ya mwisho. Soma kilichobaki. Ukiona "ndani ya", "yumo", "amemeza", "tumboni mwa", usikimbilie kamusi. Jawabu limeshachapwa mbele ya macho yako, limegawika tu baina ya maneno mawili.

Kobe wako, muulize yumo ndani ya nini. Hana la kujibu. Na ile E yake ya mwisho ndiyo iliyokukwamisha kwenye neno la kwenda chini, ukaniandikia kwamba nimekosea hesabu! Nakiri kwamba nilicheka peke yangu siku nilipomkuta kasa kajibanza kwenye haraka.

"Shusha kichwa, utulivu ukirudi nyuma (5)." Jawabu INAMA. Fundi, sisi tumekulia Ng'ambo tukisema kinyume tangu skuli. Amani kwa kinyume ni NIAMA. Hiyo inama umeitoa wapi? — Msomaji, Unguja Mjini

Hii ndiyo barua iliyonipendeza kuliko zote, kwa sababu una haki na bado umekosa.

Kinyume chetu ni cha mdomo, na mdomo hauijui herufi, unajua silabi. Unachukua *ni* ya mwisho, unaileta mbele, imekuwa *niama*, na mtu mzima aliyekaa pembeni hajui mnamsema nani. Jedwali ni la jicho. Kila kisanduku kina herufi moja, hata *ch* na *sh* zinachukua viwili viwili (ng'ombe anachukua sita, ile alama ya juu haina chumba). Kwa hivyo ninaposema "kurudi nyuma" nataka uanze na herufi ya mwisho, moja moja: A-M-A-N-I, I-N-A-M-A.

Ujue pia kwamba mafumbo haya ni haba katika Kiswahili. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hivyo ukiligeuza lolote litaanza kwa irabu. Jaribu kugeuza *samaki*, utapata *ikamas*, na hiyo hata kwa kinyume haisemeki. Lazima utafute neno lililoanza kwa irabu na kuishia kwa irabu, kisha uombe Mungu.

Hili sikulitafuta. Uani kwetu ilianikwa kanga, nami natokea upande wa nyuma, jua linapiga kwa mbele. Jina lilikuwa kwa herufi kubwa na wino umepenya. Neno moja lilikuwa AMANI. Ukilitazama kwa nyuma, A ni ile ile, M ni ile ile, I ni ile ile. N tu ndiyo iliyopinda kinyume. Nikasoma kuanzia kushoto: INAMA. Kamba ilikuwa chini, nikainama nikapita.

"Kura na ufa vikivurugwa hutoa zao (7)." Hili ni gazeti la burudani au la siasa? — Msomaji, Mkoani

La burudani. Zihesabu: K, U, R, A, U, F, A. Zivuruge, uzipange upya: KARAFUU. Ukikuta kitenzi cha fujo au cha jikoni, kama *vuruga*, *koroga*, *pepeta*, *chafua*, jua herufi za jirani yake zinataka kupangwa upya. Herufi hizi hizi zinatoa pia "faru kua", na nililifikiria, lakini faru Pemba atakuwa amekuja kwa boti gani?

"Ondoa magamba juu ya nyumba (3)." Mume wangu anashikilia kwamba fumbo hili halina jawabu. — Msomaji, Chake Chake

Mumeo hajawahi kushika changu na kisu. PAA. Hapa hakuna mchezo wa herufi, mashahidi wote wawili ni maana. Unampaa samaki kwa kuanzia mkiani kwenda kichwani, magamba yanarukia ukutani na mengine yanakugandia mkononi mpaka jioni. Na paa ndilo lililoifunika nyumba. Nimeyaunganisha ili umuone mtu kapanda na samaki wake juu ya mabati.

Mchezo huu aliuleta nani? — Msomaji, Makunduchi

Jedwali lilianza na Arthur Wynne, Muingereza wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani. La kwanza lilitoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Disemba 1913, kwa umbo la almasi, na maswali yake yalikuwa ya maana tupu. Ujanja wa kuficha ulikolea Uingereza miaka ya 1920. Edward Powys Mathers aliwasumbua wasomaji wa Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada, mtesaji mkuu wa Hispania ya zamani, na sidhani kama alilichagua kwa bahati mbaya. The Times walianza na jedwali lao 1930, na 2014 wakaongeza dogo, jepesi, kwa wasio na muda. Hilo dogo ndilo ninaloliiga. Kufumba tulikuwa nako, visanduku ndivyo vilivyokuja na meli.

Nimetunga langu: "Habari imechafuka, ngalawa zibaki pwani (6)." Litachapwa? — Kijana, Nungwi

Mwanangu, nusu yake nimekuonea wivu. HABARI ukiichafua inatoa BAHARI, na bahari nayo tunasema imechafuka. Neno moja limefanya kazi mbili. Mimi nimo katika mchezo huu miaka mingi na sikuliona. Lakini "ngalawa zibaki pwani" si maana ya bahari, ni tangazo la hali ya hewa. Shahidi wa maana hayupo. Nimeligusa kidogo tu: "Habari iliyochafuka, nyumbani kwa pweza (6)." Litatoka toleo lijalo, namba 4 kwenda kulia. Wasomaji wengine, jifanyeni hamkuona.

La kuondoka nalo, jawabu sitoi: "Mji wa ng'ambo unaoshika upepo (5)."