Mwanangu, kuhusu huo mlima wa Palani

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Unauliza kama ni sawa binti wa Kiislamu kupanda Palani, huo mlima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, wenye hekalu la Murugan, mungu wa Kihindu, na wenzako wa chuo. Kupanda utapanda, ngazi ni 693 na viatu unaviacha chini. Ndani ya hekalu ni habari nyingine: Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru yawekwe mabango, asiye Mhindu asivuke mlingoti wa bendera.

Mimi mwaka 1987 hata huo mlingoti sikuufikia. Nilikwama ngazini, kisa hadithi ya mwenzangu wa bwenini, Mtamil mwenyeji wa huko.

Narada, mwenye hekima wa hadithi za Kihindu, alileta tunda moja, lisilogawanyika. Mungu Shiva na mkewe Parvati wakawaambia wana wao, Murugan na Ganesha: atakayetangulia kuizunguka dunia ndiye mwenye tunda. Murugan akapanda tausi wake, huyo! Ganesha akawazunguka baba na mama, akasema dunia yangu ni nyinyi. Akapewa. Murugan kurudi, tunda halipo. Akasusa, akaenda kukaa mlimani na fimbo yake.

Nililia palepale, watu wakadhani ni jua. Ile ngalawa ya babu yako unajua alipewa nani. Mimi nimevuka bahari kwa elimu niliyotumwa, baba yako mdogo kazunguka jiko la bibi yako tu!

Ila Murugan wazazi wake walimfuata. Walimwambia “pazham nee”, tunda ni wewe mwenyewe, na Watamil husema jina Palani limetoka hapo. Nimewaambieni miaka yote: mtoto akisusa hufuatwa. Babu yako hakunifuata. Haya, nauli ya kutoka Tanga mpaka Coimbatore nilikosoma angeitoa wapi? Lakini barua je, stempu nayo ilimshinda? Na mimi nilimwandikia? Sikumwandikia. Lakini mtoto nilikuwa mimi. Mtoto hufuatwa.

La halali na haramu muulize shehe. Jibu langu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi, ila mama yako kanikataza kuliandika.

Yule rafiki alinipakulia panchamirtham kwenye jani: ndizi za kupondwa, sukari guru, samli, asali na iliki. Inanata vidoleni kama haluwa ya moto. Nilikwisha kulamba kabla sijakumbuka kuuliza imetoka wapi.

Huko chini wanaiuza kwa makopo. Ukipita, chukua mawili. Moja la baba yako mdogo, maana anapenda vitamu tangu utotoni. Mpelekee wewe mwenyewe, usilipitishie kwangu.

Baba yako